Meno Arobaini na Moja

Kidato cha Tatu B, Tandika, kipindi cha baada ya chai.
Feni haizunguki. Bango nimelibandika ubaoni
kwa plasta za kidonda, gundi imekwisha.
Mwaka wa sabini na nane, nawaambia. Vita.
Msiniambie linasema nini.
Niambieni linafanya nini.

Kimya. Kisha Kokushubira, wa dirishani:
Linatisha.
Kwa kutumia nini?
Nyekundu hiyo, Mwalimu. Imemwagwa, haikupakwa.
Mwanakombo anauliza mbona adui hana shingo,
mbona askari wetu watatu kila mmoja ana sura yake
na wale wengine wote ni uso mmoja tu, mkubwa,
kana kwamba nchi nzima ilizaliwa na kichwa kimoja.
Naandika. Chaki inavunjika.

"Nduli," anasoma Mkude. Ndilo jina alilopewa na mama yake?
Wanacheka. Nawapa kamusi, inapita dawati kwa dawati.
Kumbe neno lilikuwepo kabla ya mtu,
lilikuwa linasubiri wa kumvaa.

Mwanakombo amesogea hadi pua inagusa karatasi,
kidole hewani, midomo inanong'ona.
Arobaini na moja.
Nini?
Meno, Mwalimu. Baiolojia inasema thelathini na mawili.

Darasa zima linaangua kicheko. Kokushubira hacheki.
Lakini mpaka waliuvuka kweli, anasema,
babu yangu Kyaka alichomewa nyumba.
Sasa kama ni kweli, bado ni propaganda?

Nimefundisha miaka kumi na tisa.
Nikasema: hesabu nyumba. Halafu hesabu meno.
Usiache hesabu moja ikujibie nyingine.
Sijui kama nilijibu. Kengele ikalia.

Sikuwaambia kwamba pembeni chini, pale palipochanika,
palikuwa na herufi mbili za jina la baba.

Jioni namkuta kibarazani, Mtoni,
anasafisha brashi ambazo hazijagusa rangi mwaka wa tatu sasa.
Wameyahesabu, namwambia.
Hasemi kitu. Anapuliza chai iliyokwisha kupoa.
"Nilianza na thelathini na mawili.
Bwana mkubwa akaja, akatazama, akasema: ongeza."
Ukaongeza.
"Rangi nyeupe ilikuwa imebaki."

Akacheka, mdomo wazi. Yake yamebaki machache.
Sikuhesabu.