Baada ya Tramu ya Mwisho

Hapa Wilrijk, pembezoni mwa Antwerp,
kazi yangu huanza tramu ya mwisho ikishalala.
Mchana haiwezekani: behewa likikata kona kule barabarani,
nyaya zake huusukuma mwale wangu,
na atomu zilizokuwa zimepiga foleni kwa adabu
hulegea kama nguo kambani.

Saa saba kasoro dakika kumi. Nazima feni. Navua viatu.
Nimejifunza kukohoa kati ya picha na picha.

Sampuli ni ya Wannes,
ukoko mweusi alioupika Ghent siku tatu:
itriamu, bariamu, shaba,
na oksijeni ya kuhesabu kama chumvi ya mgonjwa.
Ukiutosa katika nitrojeni ya majimaji
umeme hupita ndani yake bila kutozwa ushuru,
bila joto, bila hata kuaga.
Nimeuchonga hadi ukawa mwembamba kuliko kisingizio.

Wannes ni mtu wa usafi. Hupangusa hata penseli.
Fuwele zake hazikuwa na doa,
na kila alipozisogeza kwenye sumaku zilimsaliti:
vimbunga vidogo vya usumaku viliingia,
vikateleza humo kama watoto kwenye sakafu iliyopigwa deki,
na umeme ukaanza tena kulipa.

Kisha Februari, Fenne, mwanafunzi mgeni,
alisagia unga katika kinu kisichooshwa.
Zirkoni ya mtu mwingine ikaingia.
Wannes aliandika TUPA kwa wino mwekundu.

Fenne hakutupa.
Alipima. Akadhani mita imeharibika, akaazima nyingine, akapima.
Kipande kibaya kilibeba mara tatu ya kile kizuri.
Kikanifikia kwa posta, ndani ya kijisanduku cha peremende:
“Tafadhali kitazame. Usimwambie bado.”

Kwanza kijivu.
Kisha kijivu chenye nia.
Kisha safu, nukta nzito, nukta hafifu,
shaba ikifuata bariamu, bariamu ikifuata shaba.
Sina usiku kucha. Mwale unaoniangazia ndio unaounguza;
kila ninapotazama, oksijeni kadhaa zinahama makwao.
Kwa hiyo natazama upesi, kama mtu anayechungulia barua isiyo yake.

Kushoto nanomita kumi. Ishirini.
Tonge.

Tonge la duara, geni, nanomita tano tu,
na safu zote zinazolizunguka zimejipinda kulipisha
kama wahudhuriaji wanaompisha mwenye sinia la supu.
Juu yake jingine. Jingine tena,
yamepangana kama vifungo vya koti ambalo hakuna aliyelishona.

Vigingi.
Kimbunga kikifika hapa kinafungwa,
na kikifungwa kimoja, njia ya umeme inabaki wazi.
Miaka sita Wannes amekuwa akifagia vigingi vyake mwenyewe.

Napiga picha arobaini na moja. Ya thelathini nimekohoa, naifuta.

Saa kumi na moja na ushei, sakafu inaniambia kabla ya masikio.
Tramu ya kwanza. Kwenye kioo, safu zinayumba,
matonge yanakuwa ukungu,
na sasa, kwa kuwa hakuna tena cha kuharibu,
nasema kwa sauti, peke yangu, bila viatu: “Uchafu, Wannes. Ni uchafu.”

Nampigia Fenne.
Anapokea kabla simu haijalia mara ya pili.