Kati ya Chuma na Chuma

Injini iko juu ya meza ya jikoni, imefunuliwa.
Mume wangu amehamishia sufuria uani, hajasema kitu.
Barabara ya Kumi na Tatu nzima inajua
kwamba binti wa dresa Mhina anafufua pikipiki ya marehemu,
ile BSA iliyotia doa kila kizingiti ilipoegeshwa:
tone, tone, weusi wa ukubwa wa sahani.
Ngamiani yote, mama alijua baba alipita kwa nani
kwa kutazama chini.

Sasa nachagua gasketi,
kitu cha kukaa kati ya chuma na chuma.

Mbaruku wa duka la spea ananisukumia tyubu:
"Paka silikoni, dada. Dakika kumi, umeshafunga."
Naijua silikoni. Ukibana, inatoka pande mbili.
Ya nje unaifuta kwa kidole, unajiona fundi;
ya ndani inaning'inia gizani kama kamasi,
siku moja inakatika, inaziba njia ya mafuta,
na injini inakufia Pongwe, jua la saa saba,
huku kwa nje imekauka, safi, haina hata jasho.
Nikamrudishia tyubu yake.
Nikataka karatasi ya gasketi, nusu mita,
na koki ya kifuniko cha valvu,
ile isiyopasuka ukiikunja.

Ya hedi ni shaba nyekundu. Hiyo sinunui.
Ni ileile aliyoikata baba, imekomaa kwa kubanwa,
ngumu kama mtu aliyezoea kuonewa.
Shaba hailainiki kwa nyundo.
Niliitia mkaani, nikaivizia kivulini
hadi ikaiva rangi ya rosela,
nikaitosa kwenye ndoo. Ikapiga yowe moja.
Nikaishika: inapinda kwa kidole gumba.
Watu ninaowajua, wengi, moto uliwafanya kinyume chake.

Ya ekzosi ilikuwa asbesto.
Niliilowesha kwanza, nikaibandua ikiwa mbichi,
nikaifunga mifuko miwili.
Baba aliikata kwa mkasi wa bandeji
akipuliza vumbi lake kwa mdomo
kama anayempozea mtoto uji.

Kisha kifuniko cha klachi.
Karatasi yake ilikuwa imeng'ang'ania alumini.
Nikaikwangua kwa wembe, taratibu,
na chini yake, juu ya chuma chenyewe, maandishi,
yamegeuka kushoto kulia.
Nikaleta kioo cha kunyolea.

*Bihaga. Kambi B. Homa. Kwinini.
Apumzike siku tatu.*

Kadi ya zahanati ya shamba la mkonge.
Baba alikosa karatasi, akamkata mgonjwa.

Nikakaa chini.
Sijui kama Bihaga alipumzika.
Sijui kama kadi ilikatwa alipopona,
au ilipokuwa haina tena wa kuidai.
Kipande kilichobaki nimekipima: robo milimita, kila upande.
Baba hakuchagua ovyo. Hilo tu ndilo najua,
na halinisaidii.

Nikalaza karatasi mpya juu ya kifuniko,
nikagonga ukingo kwa nyundo ya kichwa mviringo,
ti, ti, ti, chuma kikaikata kwa umbo lake.
Matundu ya skrubu: gololi ya beringi, pigo moja moja.
Nilikuwa nimeshaipachika
nikaichomoa tena, nikatafuta penseli ya mwanangu.
Nikaandika jina, bila homa.

Jumapili iliwaka kwa teke la nne.
Nikaenda Amboni, nikarudi, nikaiegesha uani usiku kucha.

Asubuhi namkuta mama ameinama na fimbo yake,
anapapasa sakafu chini ya injini,
ananusa ncha za vidole.
"Pakavu," akasema.
Akainuka kwa shida.
"Sasa wewe utajulikanaje ulipopita?"