Makarai Matatu

Siku ya nne baada ya dhoruba, Al-Khabura.
Maji yamerudi baharini bila kuaga,
yametuachia tope sebuleni, limefika magoti ya kochi,
na kibua mmoja ndani ya droo ya vijiko.

Nazoa. Karai, mlango, ngazi, uani. Karai, mlango.
Thuwaiba amekaa juu ya meza ya kulia, miguu inaning'inia.
Shule imefungwa, mtihani haujafungwa.
Anasoma, ananifasiria kwa Kiswahili cha bibi yake,
kile cha Unguja, kilichotunzwa kama nguo ya sanduku:

"Hapo kale, Kadzo, kwenye nchi ya mito miwili,
kabla hajawapo mtu,
miungu wenyewe walichimba mifereji.
Walibeba udongo kwa vikapu, usiku na mchana."
Vikapu vya nini? nauliza.
"Hawakusema. Vya makuti labda, kama vya hapa."

Basi miungu wadogo wakachoka.
Wakayatia moto majembe, wakavitia moto vikapu,
wakaenda usiku wa manane kuuzingira mlango wa mkubwa wao.

Hapo nikalitua karai.
Rudia, nikamwambia. Wakatia moto nini?

Akarudia. Akaendelea: baraza likakaa,
mungu mmoja akachinjwa, damu ikakandwa na udongo,
akafinyangwa mtu,
kikapu kitoke bega la miungu kije begani kwake.

Nikaitazama mikono yangu.
Tope mpaka viwikoni. Hujui ngozi inaanzia wapi.
Kwetu Ganze padri alisema tumeumbwa kwa upendo.
Wakala wa Mombasa hakuutaja upendo;
alitaja mshahara, na Ijumaa ya kupumzika.

"Kisha watu wakazaana, wakapiga kelele,
mkubwa wa miungu akakosa usingizi."
Sote wawili tukatazama dari.
Juu, Bi Shinuna amelala.
Thuwaiba akashusha sauti: "Ndipo akaleta gharika."

Na watu walipokwisha zama, miungu wakashikwa na njaa.
Hapana wa kusaga, hapana wa kuoka,
hapana wa kuuliza, niwapakulie?
Wakakaa huko juu midomo imekauka,
wakalia, wanasema wanawalilia watu.

Mimi nadhani aliyeandika haya kwenye kigae
alikuwa karani wa ghala la hekalu.
Aliijua hesabu ya mikate,
alilijua bega lililoibeba.
Hakuthubutu kusema mfalme. Akasema miungu.

Mwishoni jahazi linatua mlimani, moshi wa sadaka unapanda,
wenye njaa wanakuja mbio.
Na tope? nikauliza.
"Tope gani?"
La gharika. Nani alilizoa?
Akapekua mbele, akapekua nyuma.
"Halimo."

Bi Shinuna akashuka, macho bado yana usingizi.
Akatutazama, akaitazama sebule yake,
akajifunga kanga kiunoni, akalishika karai bila neno.
Bangili zikilia ngazini.
Makarai matatu. Nilihesabu.
La nne alilitua katikati ya njia,
akashika mgongo, akaulizia chai.

Nikainjika birika.
Thuwaiba ana penseli, ulimi umemtoka pembeni,
anaandika kitu ukingoni mwa ukurasa.
Sikumuuliza.
Kesho Ijumaa.
Karai nimelimwaga, nimelisuuza,
nimelifudikiza mlangoni.