Kikohozi cha Upande wa Pili

Ghalib, santuri yako imefika.
Siku kumi na tisa njiani, tatu kati ya hizo kwa watu wa forodha,
na kijana wa vifurushi akapotea mara mbili humu Mawaleh,
akanipigia amesimama mbele ya msikiti usio wetu.
Rial kumi na nne na baisa mia sita.
Kwa pesa hiyo ningerudi na nguru mzima kutoka soko la Sib
na bado ningealika watu.
Lakini ulisema: hii ndiyo.
Wahakiki wote wamenyoosha mikono.
Mmoja kaapa hajalala tangu aisikie,
mwingine kaandika kwamba panki imefufuka
na safari hii imevaa koti refu jeusi.

Nikafunga mlango. Nikazima simu.
Nikateremsha sindano kama mtu anayemtia mtoto wanja.
Nje digrii arobaini na sita, saa tisa alasiri.

Besi ikaenda, ikarudi, ikaenda,
kama mtu aliyesahau kilichompeleka jikoni.
Gitaa likakwaruza.
Halafu akaja yeye, sauti kavu,
si kuimba, si kusema,
analalamikia mvua.
Mvua, Ghalib!
Wimbo wa pili, mvua.
Wa tatu ukuta, na nyuma ya ukuta mvua.
Mimi niliyemwona baba yetu kasimama uani,
kofia mkononi, uso juu, macho kayafumba,
ile Machi iliponyesha dakika kumi na moja,
nimwonee huruma vipi?

Nikayashuku masikio yangu.
Unaijua kazi yangu: miaka saba kwenye kiwanda cha maji Barka,
pampu namba nne naisikia ikiumwa kabla mita haijasema.
Nimezoea mlio wenye sababu.
Basi nikairudia; maji nilikwisha kuyavulia nguo.
Mara ya pili sakafuni.
Mara ya tatu usiku, taa zimezimwa, kama ulivyoagiza.
Mara ya nne nikikunja nguo,
na hiyo ilikuwa nafuu, maana angalau nguo zilikunjika.

Bibi Zuwena akachungulia mlangoni,
akasikiliza, mkono kiunoni.
"Huyu anadai mshahara?"
"Hapana, bibi. Ana huzuni."
"Basi ale."
Akaenda zake.

Na hiyo hasira waliyoisifu, nimeitafuta.
Nimeikuta imepigwa pasi, imetundikwa,
bei bado iko shingoni.

Unaikumbuka ile kanda isiyo na jina,
herufi moja tu juu yake, kwa rangi ya kucha?
Njia ya Quriyat, Corolla ya baba, spika ya kushoto imekufa.
Maneno yao hatukuyaelewa hata nusu
na wewe ulipiga dashibodi mpaka saa ikasimama.
Haijapata kwenda tena ile saa.
Nilidhani wote wenye magitaa yale
wana ufunguo wa mlango ule ule.
Nimekaa na sahani hii nikiusukuma.
Pengine mlango ulikuwa ni umri. Sijui.
Sipendi kufikiri hivyo, na leo nimechoka.

Ila kuna kitu.
Upande wa pili, wimbo wa saba, kabla haujaanza,
mtu anakohoa.
Kikohozi kidogo, cha kifuani, kisichoombwa.
Mwenzake anacheka kwa mbali,
kisha drami zinawafunika wote wawili.
Nimekirudia mara thelathini.
Pale pana chumba. Pana dirisha lisilofunga vizuri.
Pana mtoto wa watu aliyetoka kwao bila sweta.
Hakuna mhakiki hata mmoja aliyekitaja.

Utaniuliza kesho, najua.
Nimeandika "Nzuri sana", nikafuta.
Nimeandika "Besi yao safi", nikafuta.
Ghalib, kijana wenu anaumwa kifua.
Nakutumia zaatari ya mlimani, mfuko mzima.
Ichemshe. Ukimwona, mpe.
Ukimkosa, kunywa wewe,
maana nawe, ulipopiga simu Ijumaa,
nilikusikia.