Vidato Hamsini na Vinne

Kliniki yetu iko ghorofa ya tatu, mjini Gyumri,
jengo la mawe meusi, upande usiopata jua,
na lifti ilikufa kabla sijaajiriwa.
Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakikuwa mashine yangu.
Kilikuwa ngazi.

Daktari Nvard huacha mlango wazi hata Januari,
theluji ikipuliza mpaka kwenye mafaili,
anakunywa kahawa iliyopoa, sikio moja kule nje.
"Huyo Khoren," husema. "Amesimama dirishani.
Mwezi jana alifika hadi kwenye bomba."
Naandika: dirishani. Ni istilahi yetu,
hutaikuta katika kitabu chochote cha tiba.

Anayeshika kifua kidato cha ishirini, akapumzika,
akaachiwa, akapanda tena, akashikwa palepale,
mishipa yake imeziba kama mabomba ya nyumba hii;
kidonge cha chini ya ulimi kitamsindikiza nyumbani.
Anayepanda polepole akifunguka mdomo kama samaki,
huyo maji yameingia mapafuni.
Muulize analalia mito mingapi.
Siranush alianza na mmoja. Wa pili akauita mgeni.
Sasa ni mitatu na kiti,
na viatu vya mwaka jana haviingii miguuni.

Wako na wale wa hatua zisizo na hesabu:
mbili, tatu za haraka, kimya, moja.
Moyo wao ni wanne wanaotwanga kinu kimoja
bila kupokezana.

Mimi nabandika waya, natoa karatasi.
Kifua cha mwokaji, cha mwalimu wa hesabu,
cha askari kijana Tatul
aliyeanguka gwarideni akadhani ni woga.
Si woga, Tatul. Una njia ya panya humo ndani,
umeme wako unakwepa kizuizi.
Akacheka mpaka waya zikabanduka.

Watu huja na maneno yao: moyo mzito,
moyo umevunjika, roho iko juu.
Daktari hamkatalii mtu.
Hupima shinikizo mkono wa kushoto, kisha wa kulia,
husema: punguza chumvi.
Na Khoren kila akija humletea jibini
iliyolowa maji ya chumvi, imefungwa gazetini,
"kwa kuwa mimi umenikataza."
Tunaila.

Mwezi Mei manispaa wakatengeneza lifti.
Utepe, picha, keki. Siranush akapanda kwa kidole kimoja,
akalia kwa furaha, na mimi nikalia.
Daktari peke yake alisimama mlangoni
kama mtu aliyeibiwa redio.

Ting, mlango wa chuma. Ting.
Wote sasa walifika wakiwa sawa.
Khoren naye, shati limepigwa pasi, jibini kwapani.
Nikamlaza, nikabandika, karatasi ikatoka njema,
milima yote mahali pake.
Mtu aliyelala hudanganya vizuri.

Daktari akautazama mchoro. Akautazama tena.
Akachukua koti lake.
"Twende tukanunue mkate," akamwambia,
"na tushuke kwa miguu. Kurudi pia,
na nikisema simama, unasimama."

Nikabaki na mlango wazi, kalamu mkononi.
Niliwasikia wakishuka, wakibishana juu ya jibini,
kisha lango, kisha muda mrefu wa barabara tu.
Kisha wakaanza kupanda.
Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Wakasimama.
Bomba liko mbali. Hata dirisha liko mbali.

Nikapiga simu hospitali ya Yerevan,
nikasema nataka kitanda, leo hii, si kesho,
na sauti ya upande wa pili ikauliza, imechoka,
kipimo kinasemaje.

Nikasema: kidato cha kumi na tatu.