Baada ya Dakika ya Tatu

Ni wimbo mbovu, nakubali.
Ubeti wa kwanza umejaa machozi ya kukopa,
wa pili ni wa kwanza uliovaa koti jingine,
na Deolinda, na sauti yake yote ile,
analivuta neno "kesho"
kama mtu anayeburuta kabati ngazini.

Miaka sita niliusikia nusu.
Saa tisa za usiku, hapa Porto, tanuri limeiva,
mikono yangu imezama katika unga hadi viwikoni,
redio imekaa juu ya gunia la chumvi.
Kila ukifika dakika ya tatu na kitu
Olegário, mtangazaji mwenye haraka kama aliyebanwa na mkojo,
aliukata
akatangaza magodoro.

Sikumlaumu. Maneno yalikuwa yamekwisha.
Nani hubaki mezani sahani zikishaondolewa?

Kisha Jumamosi moja ya mvua, mnadani,
kati ya pasi za mkaa na viatu visivyo na wenzake,
niliiona santuri yenyewe, jalada limeliwa na unyevu,
bei yake vikombe viwili vya kahawa.
Muuzaji, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi,
aliishika kwanza, hakuiachia.
"Mwisho wake usiuguse," alisema.
"Mimi ndiye Zulmira. Siku ile nilikuwa kwenye mitambo."

Studio ilikuwa juu ya duka la samaki wakavu,
hata nyaya zilinuka chumvi.
Deolinda amemaliza, amevua visikilizio.
Mpiga ngoma amelaza vijiti vyake.
Ila Adérito wa gitaa alikuwa amefumba macho,
ishara ya kusimama ikampita,
akaendelea: noti nne, zilezile nne,
kama mtu anayepapasa mifuko akitafuta ufunguo
na mlango uko wazi.
Mpiga ngoma akaona haya kumwacha peke yake.
Akarudi, si kwa vijiti, kwa viganja.
Na Deolinda, akidhani tepu imezimwa,
akaanza kuvumisha midomo imefungwa,
kwa ajili yake mwenyewe,
"kesho" ileile, sasa bila neno.

"Kidole changu kilikuwa juu ya swichi," alisema Zulmira.
"Kikagoma."

Dakika mbili na nusu.

Wahenga wanasema nyota njema huonekana asubuhi.
Huu asubuhi yake ilikuwa ukungu mtupu.
Sijui inakuwaje mkia ukamnyoosha mnyama mzima,
lakini ukirudi mwanzo baada ya kufika kule,
yale machozi ya kukopa yamepata mwenyewe,
na lile kabati linapanda ngazi
nawe unajua kilichomo ndani.

Usiku huo nilimpigia Graciete.
"Wimbo gani huu?" alisema,
akainuka kwenda kuosha vyombo.
Sikumjibu. Nilihesabu.
Dakika ya tatu na sekunde kumi
mkono wake ukasimama majini, umeshika sahani.
Hakugeuka mpaka sindano ilipoishiwa.

"Rudisha."
"Pale pa gitaa?"
"Mwanzo. Nataka kumsikia kabla hajajua."

Hapa ningeweza kuinua kalamu.

Lakini bomba lilikuwa bado linatiririka,
na mara ya pili nayo ikaisha, sindano ikafika katikati,
krr, krr,
na hakuna aliyenyanyuka.
Nyumba ya pili mtu alikohoa, karibu kwenye mapigo.
Saa yangu ya kazi ilikuwa imepita,
huko unga ukiumuka bila mimi, ukivuka ukingo wa beseni,
na Olegário bila shaka akisoma bei
ya godoro la watu wawili,
krr,
povu likipasuka mojamoja juu ya sahani