Mkono Ulioteleza

Kasha la Mwana Zena liliingia karakanani Jumanne,
bawaba moja imekufa,
mchwa wamekula mguu wa nyuma.
Nilipoufungua mfuniko nikakuta mtu,
amegandishwa kwa uji wa ngano:
mzungu wa karatasi, shingo imezongwa kitambaa kama jeraha,
mdomo umebanwa
kama wa aliyeonja ndimu mbele za wageni.

Jina lake limeliwa.
Zimesalia herufi mbili na mkia wa ya tatu.
Mwana Zena humwita Bwana Merikani,
kwani alikuja, asema, na majora ya merikani
zamani za nyanya wa nyanyake.
"Kwao alikuwa mkubwa, mwenye nchi mkononi.
Hapa Langoni amenilindia leso.
Ana mato ya mtu asiyelala.
Ameona kukitolewa nguo za harusi, ameona kukitolewa sanda,
wala hajamwambia mtu."

Alipoondoka nikawasha taa,
nikaazima kioo cha kukuzia kwa fundi saa.
Nikamsogelea.
Uso haupo.
Kuna mistari:
shavuni imelala kama ukindu wa mkeka,
kivulini mwa pua inapandana, inakatana,
na ule ukosi mweupe haukuchorwa kabisa,
ni karatasi iliyoachwa ipumue.
Cheo chote kile, na hotuba, na vita alivyovishinda au kuvikimbia,
ni mikwaruzo iliyokubali kupanga safu.

Mimi ni mtu wa mbambakofi na patasi.
Shaba siijui, ila mkono uliochoka naujua.
Huu hapa, chini ya sikio la kushoto:
mstari mmoja umevuka mpaka,
ukashtuka,
ukafichwa haraka ndani ya nywele.
Nikacheka peke yangu hadi paka akainuka.
Nami nina ua Mkomani, juu ya mlango wa watu,
lina petali saba, wenzake wote wana nane.
Mwenye nyumba hajawahi kulihesabu.
Alihesabu siku ya kunilipa tu, na hakuhesabu petali.

Mjomba Shekuwe, aliyechonga mihuri ya wafanyabiashara,
alinieleza nikiwa mdogo:
achongaye ili kupiga chapa huchonga kinyume.
Sikio la kulia hulitia kushoto,
jina huliandika toka kulia kwenda kushoto,
"kama sisi," akasema, "tuandikapo barua zetu."
Basi wewe, ndugu usiye na sura,
uliyeinamia bamba la shaba katika mji wa baridi,
kwa muda wa uso mmoja uliandika kama watu wa Amu,
na hukujua, wala hukuwa na wa kukuambia.

Mwezi uliopita alikuja mheshimiwa wa wadi.
Anataka sura yake kwenye mlango wa ofisi mpya,
ichongwe, isibanduke.
Nikamwambia: mlangoni sisi hutia mnyororo, yungiyungi, mawimbi;
uso huja nao anayeingia.
Akacheka, akaacha picha na malipo ya awali.
Nimeitoa leo, nimeiweka kando ya Bwana Merikani.
Tai badala ya kitambaa.
Ndimu ni ile ile.
Nikatafuta chini ya sikio lake la kushoto,
sikuona kosa lolote.
Hapakuwa na mkono.

Malipo yake nitayarudisha Ijumaa, baada ya swala,
yakiwa bado yapo.

Kasha nimelitia mguu mpya, na bawaba ya shaba.
Mzungu sikumbandua, nimempangusa vumbi kwa manyoya.
Ila nyuma ya bawaba, mahali ambapo ataona mchwa
au fundi mwingine, miaka mia ijayo,
nimechonga ua dogo, la ukubwa wa ukucha.

Petali saba.
Ya nane nimeianza, nikaiacha iteleze.